Mwongozo wa kuchagua teknolojia mbadala za kupunguza gharama nyumbani, kwenye biashara na shambani

Muuzaji huanza na kifaa: paneli hii, tanki lile, mtambo ule. Mnunuzi anayetaka kuokoa fedha inampasa aanze na kazi anayotaka ifanyike. Hakuna anayehitaji umeme kwa sababu ya umeme wenyewe. Watu wanataka maji ya moto, mwanga, chakula kilichoiva, maji yaliyopanda kilimani, nafaka isiyobunguliwa. Kazi ikishajulikana, mara nyingi hupatikana njia ya kuifanya kwa gharama ndogo zaidi, na wakati mwingine njia hiyo haina hata waya mmoja.

Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa makusudi: kwanza kupima, kisha kuziba matundu, kisha joto, na sola inakuja baada ya hapo. Anayeanza na sola huishia kununua mtambo mkubwa wa kulisha upotevu ambao angeweza kuuondoa kwa gharama ya mpira wa bomba.

Hatua ya 1: Jua fedha inakwenda wapi

Chukua daftari. Kwa kila kifaa cha umeme soma kibandiko chake, zidisha wati kwa saa za matumizi kwa siku, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu ni uniti kwa siku. Pasi ya wati 1,200 ikitumika nusu saa ni uniti 0.6, hata kidogo kuliko hapo kwa kuwa hujikata ikishapata moto. Friji nayo hujizima na kujiwasha, kwa hiyo kibandiko chake hakikupi jibu la kuaminika. Tumia kipima umeme kidogo kinachochomekwa ukutani, kiache saa 24, usome kilichoandikwa.

Kisha fanya jaribio la usiku. Kabla ya kulala zima kila unachodhani kinatumia umeme, soma mita, usome tena asubuhi. Tofauti hiyo ni matumizi yasiyo na kazi: runinga iliyozimwa kwa rimoti tu, chaja zilizochomekwa, wakati mwingine waya unaovujisha umeme ardhini. Hilo la mwisho ni la fundi, na ni la haraka.

Maji hupimwa vivyo hivyo. Funga mabomba yote, soma mita, rudi baada ya saa mbili. Ikiwa imesogea, kuna pahali panavuja. Mtuhumiwa wa kwanza ni choo cha kuvuta. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tanki lake, usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, ule mpira wa chini umekufa.

Kuni, mkaa na gesi, pima kwa mizani wiki nzima. Shambani andika mafuta ya pampu, chakula cha mifugo, mbolea, na jambo ambalo wengi hulisahau: mavuno yanayoharibika. Gunia lililoliwa na dumuzi ni gharama sawa na gunia la mbolea ulilolinunua, tena ni kubwa zaidi kwa sababu ulishalilima, ukalipalilia na kulivuna.

Hatua ya 2: Ziba kabla ya kununua

Hapa fedha hurudi haraka kuliko popote, ingawa hakuna cha kumwonyesha mgeni. Badilisha balbu za zamani za wati 60 uweke LED za wati 8 au 9 zenye mwanga uleule. Bana karatasi kwenye mlango wa friji uliofungwa, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka na mashine inapooza jiko zima. Sogeza friji mbali na ukuta kidogo, futa vumbi kwenye zile bomba za nyuma. Paa la bati linalochoma vichwa lipake rangi nyeupe, kwa maana rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua kabla haijawa joto ndani ya nyumba, na feni haitumii umeme kupambana na bati.

Kuna kijisanduku kinachouzwa kwa maneno matamu: unakichomeka ukutani, taa ya kijani inawaka, na eti bili inapungua nusu. Usinunue. Ndani mna kapasita ndogo, yaani kipande kinachoshika umeme kwa muda mfupi sana na kuuachia. Kapasita inaweza kumsaidia mwenye kiwanda ambaye mkataba wake unamtoza kwa pawafakta mbaya (umeme ambao mota zake huuvuta na kuurudisha bila kufanya kazi), na huyo hufungiwa kapasita zilizopigiwa hesabu na mhandisi. Mita ya nyumbani huhesabu nishati iliyotumika kweli, na kijisanduku hakiwezi kuipunguza. Hiyo taa ya kijani ndiyo inayoiongeza, kidogo.

Hatua ya 3: Shughulikia joto

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo bili nyingi zinapojificha na ndipo watu wasipotazama.

Chukua ndoo ya lita 20 ya maji ya kuoga. Kuyatoa kwenye nyuzi 20 hadi 40 kunahitaji karibu nusu uniti ya umeme kwa hita ya kawaida ya koili, hata iwe mpya kiasi gani. Nusu uniti hiyohiyo ingewasha taa ya LED ya wati 9 saa tano kila usiku kwa siku kumi. Mtu anayezunguka nyumba akizima taa huku hita ya maji ikiwaka kutwa anafukuza panya na kumwachia tembo shamba.

Maji ya moto yapate joto lake moja kwa moja kutoka juani. Hita ya jua si paneli ya umeme; ni mabomba meusi ndani ya kisanduku chenye kioo, au mirija ya vioo viwili yenye ombwe katikati, yakiunganishwa na tanki lililofunikwa vizuri. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi kwenye tanki, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi. Ili mzunguko huo ufanye kazi bila pampu, sehemu ya chini ya tanki ikae juu ya ncha ya juu ya kisanduku, na bomba lipande mfululizo bila kuinama popote, kwani palipoinama hewa hukwama. Asiyeweza kununua anaweza kuanza na tanki la chuma lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, likalazwa ndani ya sanduku lenye kioo juu na vumbi la mbao au sufi pembeni. Maji ya jioni yatakuwa moto. Ya alfajiri yatakuwa yamepoa, na hilo ulijue kabla.

Kwenye kupika, teknolojia ninayoipenda kuliko zote ni kapu la kuivishia. Maji yakishachemka kwenye sufuria ya kawaida hayapandi tena zaidi ya nyuzi 100, hata uongeze moto namna gani. Kuanzia hapo moto wote unaochoma kazi yake ni kurudishia joto linalotoroka pembeni na kwa mvuke. Ukizuia joto lisitoroke, huhitaji moto tena.

Tengeneza hivi:

1. Tafuta kapu, boksi au ndoo kubwa inayoizidi sufuria yako kwa sentimita 10 au zaidi kila upande, chini pia.
2. Jaza nafasi hiyo kwa kitu kinachoshika hewa: nguo kuukuu, sufi, manyoya, majani makavu yaliyosokotwa, vipande vya godoro. Kitu kikishindiliwa sana hupoteza nguvu, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyotulia ndani yake.
3. Tandika kitambaa, tengeneza shimo linaloikumbatia sufuria, na shona mto mnene wa kufunika juu. Juu ndipo joto linapokimbilia, usibane matumizi hapo.
4. Chemsha chakula na mfuniko umebana, dakika 10 hadi 20 kulingana na ugumu wake. Sufuria iwe imejaa robo tatu au zaidi. Chakula kidogo hupoa upesi.
5. Hamisha bila kufunua, funika, usichungulie. Vyakula laini huiva ndani ya saa moja au mbili, vigumu huachwa saa nne hadi sita.
6. Punguza maji ya kupikia, maana hayapotei kwa mvuke.

Tahadhari mbili. Chakula kikitoka kwenye kapu kikiwa vuguvugu tu, kirudishe motoni kichemke kabla ya kuliwa, kwa kuwa chini ya nyuzi 60 bakteria huanza kuzaliana. Na maharage mekundu yana sumu ya asili isiyovunjika kwa joto la wastani: yaloweke usiku, mwaga maji, kisha yachemshe kwa nguvu. Dakika 10 ndicho kiwango cha chini kinachotajwa sana. Mimi ningeweka nusu saa ndipo yaingie kapuni.

Asiyekuwa na muda wa kusubiri atumie sufuria ya presha. Mvuke ukifungiwa, maji hufika karibu nyuzi 120 na chakula kigumu huiva kwa sehemu ndogo ya muda wa kawaida. Ile ya umeme yenye kuta zilizofunikwa huunganisha faida zote mbili, na kwa vyakula vya kuchemsha huweza kushinda mkaa kwa gharama, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka wapime. Anayebaki na kuni au mkaa atafute jiko banifu na kuni zilizokauka. Kuni mbichi hutumia moto wake kukausha maji yake mwenyewe.

Kama unachemsha maji ya kunywa tu, kuna njia ya bure: chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita mbili, ijazwe maji yasiyo na tope, ilazwe juani saa sita. Siku ya mawingu mengi, siku mbili. Mionzi ya jua huua vijidudu vya kuhara. Haiondoi kemikali wala chumvi, na maji ya matope yachujwe kwanza, la sivyo mwanga haupenyi.

Hatua ya 4: Sasa sola

Ukishaondoa joto kwenye hesabu ya umeme, mtambo unaohitajika unakuwa mdogo kiasi cha kushangaza. Tufanye mfano mzima.

Taa nne za wati 8 kwa saa tano: wati-saa 160. Runinga ya wati 50 kwa saa nne: 200. Ruta ya intaneti ya wati 10 kwa saa 24: 240. Simu mbili: 30. Jumla 630 kwa siku. Tazama ruta: kifaa kidogo kisichotazamwa na mtu kinakula kuliko runinga, kwa sababu hakilali. Ukiizima saa nane za usiku umeokoa 80.

Si kila wati-saa ya paneli hukufikia. Joto, vumbi, nyaya, betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) hula karibu asilimia 30. Gawanya 630 kwa 0.7, unapata 900. Sasa gawanya kwa saa za jua kamili za mahali ulipo, yaani saa ambazo jua lote la siku lingekuwa sawa na jua la adhuhuri. Saa tano zikipatikana, paneli ya wati 180 inatosha. Lakini msimu wa mawingu huenda zikawa tatu, na hapo unahitaji wati 300. Piga hesabu kwa mwezi mbaya, si kwa mwezi mzuri. Muuzaji atakupigia ya mwezi mzuri ili bei yake ionekane ndogo.

Betri hupimwa kwa matumizi ya usiku. Katika mfano wetu ni taa, runinga na nusu ya ruta: 480. Betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji 960, sawa na ampea-saa 80 kwa volti 12. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti hustahimili kushushwa hadi asilimia 80 ya ujazo wake, hivyo 600 zinatosha. Ukitaka akiba ya siku moja bila jua, ongeza mara mbili au zaidi. Bei ya lithiamu huonekana kubwa dukani, lakini liulize swali upya: kila moja itashushwa na kujazwa mara ngapi kabla ya kufa? Betri ya asidi inayotumika vibaya hufa baada ya miaka miwili mitatu, na paneli iliyo juu ya paa ina dhamana ya miaka 25.

Mambo ya ufungaji yanayoamua kama utajuta:

Kivuli. Tawi moja au nguzo ya antena ikifunika kona ya paneli huweza kupunguza umeme kwa kiwango kikubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa kuwa seli zimefungwa kwa mfululizo.

Uelekeo. Kusini mwa ikweta paneli itazame kaskazini, kaskazini mwa ikweta itazame kusini, ikiinama kwa nyuzi zinazokaribiana na latitudo ya mahali. Karibu na ikweta bado iinamishe nyuzi 10 ili mvua ioshe vumbi.

Hewa chini yake. Paneli hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25. Usiibandike juu ya bati. Acha nafasi ya kiganja na zaidi.

Inveta na mota. Friji na pampu zinapoanza huvuta mara tatu hadi saba ya umeme wao wa kawaida, sekunde chache tu. Inveta isiyobeba mshtuko huo itajikata kila mara, nawe utamlaumu fundi. Pampu ya shambani mara nyingi haihitaji betri kabisa: ichukue umeme wa paneli mchana, isukume maji kwenye tanki la juu. Maji yaliyo juu ni akiba ya nishati isiyochakaa.

Hatua ya 5: Maji

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hesabu yote imo humo. Paa la mita za mraba 80, likipimwa kwa eneo linalofunika ardhi na si kwa mteremko wa bati, mvua ya milimita 15, punguza moja ya tano kwa kurukaruka na kuvuja: lita 960. Mvua moja ya alasiri.

Ukubwa wa tanki utokane na kiangazi. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku 90 ni lita 9,000. Tanki la lita 1,000 katika hali hiyo litafurika kila mvua na kukauka siku kumi baada ya mvua kwisha. Maji ya mwanzo yenye vumbi na kinyesi cha ndege yapotezwe: nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 40 kwa paa letu, ziingie kwenye pipa la pembeni kabla tanki halijaanza kupokea. Toboa tundu dogo chini ya pipa hilo lijimwage lenyewe. Tanki lifunikwe lisipate mwanga, na kila mdomo uwe na wavu wa kuzuia mbu.

Mwenye kijito kinachoteremka shambani ana bahati ambayo pengine haijui. Pampu ya hidramu haitumii umeme wala mafuta; inasukumwa na maji yenyewe. Joseph-Michel Montgolfier, yuleyule wa maputo ya hewa ya moto, aliifanya ijiendeshe mwaka 1796, na umbo lake halijabadilika sana. Maji hushuka kwa kasi kwenye bomba la chuma na kutokea kwenye valvu iliyo wazi. Kasi ikizidi, valvu inajipiga na kufunga ghafla. Maji yaliyokuwa mbioni hayana pa kwenda; shinikizo linapanda, linafungua valvu ya pili, na mkupuo wa maji unaingia kwenye chupa ya hewa na kupanda kilimani. Shinikizo likishuka, valvu ya kwanza inaanguka wazi, na mchezo unaanza upya. Kta, kta, kta, karibu kila sekunde, usiku na mchana. Hewa iliyobanwa ndani ya chupa ndiyo inayofanya maji ya juu yatiririke badala ya kurukaruka. Siku chupa ikijaa maji utasikia mlio umekuwa mkali, nawe uimwage ijae hewa tena.

Hesabu yake: zidisha maji yanayoingia kwa kimo cha kushuka, zidisha kwa 0.6 ya ufanisi, gawanya kwa kimo cha kupandisha. Lita 60 kwa dakika zikishuka mita 2 na kupandishwa mita 20 hutoa lita 3.6 kwa dakika. Inaonekana kidogo. Kwa saa 24 ni zaidi ya lita 5,000, bila tone la petroli. Bomba la kushukia liwe la chuma, kwa maana la plastiki hutanuka na kumeza ule mpigo unaohitajika. Maji yasiyopandishwa hurudi kijitoni. Ulizia kibali cha maji kabla ya kuchepusha.

Maji yakifika, yasimwagwe ovyo. Umwagiliaji wa matone hupeleka maji kwenye mizizi tu, na kwa bustani ndogo pipa lililoinuliwa mita moja linatosha kusukuma. Adui ni uchafu: chujio lioshwe kila wiki, na ncha za mipira zifunguliwe mara kwa mara ili mchanga utoke. Mashamba mengi ya matone hayafi kwa kukosa maji, hufa kwa chujio lililosahauliwa.

Hatua ya 6: Bayogesi, kwa mwenye mifugo inayofungiwa

Kilo 30 za samadi mbichi pamoja na lita 30 za maji hutoa takribani mita moja ya ujazo ya gesi kwa siku. Nishati yake inakaribia nusu kilo ya gesi ya mtungi. Familia ya kawaida hupikia mita moja hadi mbili. Kwa hiyo maswali ni matatu: je, samadi hiyo inapatikana kila siku pahali pamoja? Je, maji yako karibu? Je, kuna mtu wa kuchanganya kila asubuhi? Jibu moja likiwa hapana, usijenge. Ng'ombe wanaochungwa kutwa huacha sehemu kubwa ya samadi malishoni, na mtambo wenye njaa hautoi gesi.

Ukubwa: lita 60 zinazoingia kwa siku, zikae siku 50, ni mita 3 za ujazo za tope, na juu yake nafasi ya gesi. Mfuko wa plastiki ni wa bei ndogo na hutobolewa na kuku. Kuba la matofali hudumu miaka mingi likijengwa na fundi anayejua plasta yake. Vijidudu hupenda joto la nyuzi 25 hadi 40, kwa hiyo nyanda za baridi kali mtambo hupunguza kasi. Gesi ya kwanza kutoka huwa na kabonidayoksaidi nyingi na haiwaki. Iachie nje kwenye hewa, mbali na moto. Kuvuja hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Jiko liwe la bayogesi, lenye tundu pana. La gesi ya mtungi halifai bila kurekebishwa. Na tope linalotoka ni mbolea iliyo tayari. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo nusu ya faida, na wengi huiacha itiririke mtaroni.

Hatua ya 7: Kinachopotea baada ya mavuno

Mifuko isiyopitisha hewa huua dumuzi bila dawa: wadudu hutumia oksijeni iliyomo, inaisha, wanakufa. Lakini nafaka iwe imekauka hadi unyevu wa asilimia 13 au chini, vinginevyo unafungia ukungu. Usipokuwa na kipima unyevu, chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia nafaka robo, ongeza vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa, tikisa dakika moja, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka bado ina unyevu wa zaidi ya asilimia 15, irudi juani. Isipoganda, bado ningeianika siku moja zaidi.

Mboga na matunda hupoozwa bila umeme kwa chumba cha kuta mbili za matofali, mchanga wa upana wa kiganja katikati, ukilowanishwa asubuhi na jioni. Maji yakivukiza huchukua joto. Njia hii hufanya kazi penye hewa kavu. Pwani yenye unyevu usijisumbue.

Kwenye chakula cha kuku, funza wa nzi askari weusi hula mabaki ya jikoni na ya soko, wakakua kwa wiki mbili hivi na kuwa protini. Nzi mkubwa haumi wala hatafuti chakula jikoni. Malisho ya haidroponiki, ile mikeka ya kijani ya nafaka iliyooteshwa kwenye trei, yananitia shaka. Uzito unaouona ukiongezeka ni maji. Chakula kikavu chenyewe hupungua kidogo nafaka inapoota. Ng'ombe anafurahia, mfuko haufurahii.

Hatua ya 8: Biashara

Feni na pampu za mzunguko zina siri nzuri: umeme zinaoula hufuata mchemraba wa kasi, yaani kasi mara kasi mara kasi. Ukipunguza kasi kwa asilimia 20, umeme unashuka karibu nusu. Kifaa cha kudhibiti kasi ya mota hufanya hivyo, na hurudisha fedha yake haraka pale ambapo valvu au kizibo hubanwa ili kupunguza mtiririko. Pampu inayopandisha maji kwenye kimo kikubwa haifuati sheria hiyo kikamilifu, kwa hiyo mpe fundi vipimo vyote.

Karakana yenye kompresa, ile mashine ya kubana hewa, iizime ikiwa imejaa upepo kila mtu akishaondoka, kisha isikilizwe. Kila sauti ya ssss ni umeme unaolipiwa. Hewa iliyobanwa ni miongoni mwa njia ghali za kufanya kazi. Kusafishia sakafu ufagio unatosha.

Ofisini, kompyuta za zamani zisitupwe upesi. Tangu Oktoba 2025 Microsoft ilipoacha kuitunza Windows 10, mashine nyingi nzima zinaonekana hazina maisha. Zinaweza kuendeshwa na Linux, mfumo wa kompyuta unaochukua nafasi ya Windows, na LibreOffice ikafanya barua na mahesabu, bila leseni ya kulipia. Ijaribu kwanza kutoka kwenye fleshi bila kufuta chochote, hakikisha printa inaonekana na programu ya uhasibu mnayotegemea inafunguka. Ikigoma hiyo ya uhasibu, acha mashine moja ya aina ya zamani kwa kazi hiyo tu, isiyounganishwa na intaneti.

Hatua ya 9: Piga hesabu ya kurudi, kisha andikiana na fundi

Gawanya gharama yote kwa akiba ya mwezi. Mtambo unaogharimu sawa na bili zako za miezi 30 na kupunguza bili nusu utajilipa baada ya miezi 60. Sasa uliza: betri iliyomo itafika miezi 60? Isipofika, ongeza bei ya betri ya pili na uhesabu upya. Kama ni mkopo, tia riba. Kinachojilipa ndani ya miezi michache kinunuliwe kwanza, na akiba yake ilipie kinachofuata.

Kwenye maandishi ya fundi yawemo haya: kazi inayotakiwa kufanyika kwa namba (lita kwa siku, saa za taa, wati-saa), aina na ukubwa wa kila kifaa, nani anabeba dhamana ya kifaa na nani ya ufungaji, na siku ya majaribio kabla ya malipo ya mwisho. Acha sehemu ya malipo hadi mtambo ufanye kazi wiki mbili mbele yako. Akuonyeshe mwenyewe namna ya kuzima kila kitu, kuosha chujio, kusoma kidhibiti chaji, yaani kile kifaa kinachosimamia ujazaji wa betri. Mwombe mchoro wa nyaya na mabomba, uuweke ndani ya bahasha ya plastiki, uubandike kando ya mtambo, kwa maana atakayekuja kuurekebisha miaka minne baadaye huenda asiwe yeye.